Kiluri cha Iran si Kikurdi, wala si Kialur cha Mahagi

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji tusahihishe mambo yaliyopita kwenye makala yako ya hivi karibuni kuhusu lugha za Iran. Makala ile iliwagusa Waluri, watu wa milima ya magharibi mwa Iran, mara tatu. Kwanza ilisema lugha yao ni "lahaja ya Kikurdi". Aya chache mbele ikasema ni "Kiajemi cha milimani". Mwisho, kwenye maelezo ya ramani, ikaongeza kwamba Kiluri huzungumzwa pia mashariki mwa Kongo na kaskazini-magharibi mwa Uganda. Aliyeusoma ukurasa hadi chini aliondoka na lugha tatu chini ya jina moja, na Kiluri chenyewe hakimo hata katika moja.

Tuanze na la Kongo, maana ni jepesi. Kialur, ambacho wenyewe hukiita Dho-Alur, ni lugha ya Kiniloti, ndugu wa Kiacholi na Kijaluo. Wenyewe wako Mahagi na sehemu nyingine za Ituri, na ng'ambo ya mpaka wako Nebbi, Zombo na Pakwach. Baadhi ya orodha za lugha hukiwekea majina ya pembeni, na kati ya majina hayo yamo Lur na Luri. Mtego uko hapo. Ukiandika "Luri" kwenye intaneti bila kutaja nchi, unaletewa Khorramabad ya Iran na Mahagi ya Kongo katika kapu moja. Iko hata Luri nyingine, ndogo sana, huko Bauchi nchini Nigeria, ya jamii ya lugha za Kichadi alimo Kihausa. Dawa ni kuangalia msimbo wa kimataifa wa lugha, ule wa herufi tatu. Kialur ni alz. Kiluri cha Iran kina misimbo mitatu, lrc, bqi na luz, na kwa nini ni mitatu tutaeleza.

Kosa la Kikurdi lina umri, kwa hiyo tunalitendea kwa heshima kidogo. Sharaf Khan Bidlisi, mtawala na mwanahistoria wa Kikurdi, katika Sharafnama ya mwaka 1597 aliwagawa Wakurdi mafungu manne: Kurmanj, Lur, Kalhur na Guran. Waandishi wengi waliomfuata walinakili mgao huo bila kuuliza. Lakini Bidlisi alikuwa anahesabu makabila na nasaba za watawala, hakuwa anapanga vitenzi. Tena katika maandishi mengi ya zama zile, "Mkurdi" aliweza kuwa mfugaji yeyote wa milimani. Aliyeweka mambo sawa kwa upande wa lugha ni Mjerumani Oskar Mann, aliyekwenda kusikiliza huko huko mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1904 alionyesha kwamba Kiluri kiko upande wa Kiajemi, si wa Kikurdi, na mwaka 1910 akachapisha matini za lahaja hizo Berlin. Hoja yake haijapinduliwa tangu hapo.

Kwa nini haijapinduliwa? Vipimo ni vingi, viwili vinatosha kwa gazeti.

Cha kwanza ni sauti. Lugha za Kiirani za magharibi zina matawi mawili, la kusini-magharibi alimo Kiajemi na la kaskazini-magharibi alimo Kikurdi. Kuna sauti moja ya kale ambayo upande mmoja ilizaa d na upande wa pili ikazaa z. Shina la "kujua" kwa Kiajemi ni dān, kwa Kikurdi ni zān. Mume wa binti yako kwa Kiajemi ni dāmād, kwa Kikurdi ni zāvā. Kiluri katika maneno ya namna hii husimama na d. Wasomaji wa pwani wanaijua tabia hii kwa njia ya Unguja na ndia ya Mvita na Lamu: neno moja tu, na umeshajua mtu katoka wapi. Tofauti ni kwamba njia na ndia ziko ndani ya lugha moja, na mgawanyiko wa dān na zān una zaidi ya miaka elfu mbili.

Cha pili ni kitenzi cha wakati uliopita, na hiki hakikubali kuigizwa. Kwa Kikurdi cha Kurmanji "nilikwenda" ni ez çûm, lakini "nilikula mkate" ni min nan xwar. Tazama: "mimi" imebadilika sura, ez imekuwa min, na kitenzi hakimfuati tena mlaji, kinamfuata aliyeliwa. Mikate ikiwa mingi kitenzi hubadilika kuwa xwarin, ingawa mlaji ni yule yule mmoja. Sasa sikia Kibakhtiari, tawi kubwa la Kiluri. "Nilikwenda" ni mo rahdom, "nilikula mkate" ni mo nun khardom. Mo ni mo, na -om ya mwisho ni -om, uende au ule. Kiajemi hufanya vivyo hivyo. Anayetaka kuendelea kukiita Kiluri Kikurdi atueleze kwanza ule mfumo mzima wa vitenzi ulipotelea wapi bila kuacha hata unyayo.

Hapa lazima tuseme neno kuhusu Kilaki, maana ndicho kinachowapoteza wengi, pengine na mwandishi wako. Ndani ya mkoa wa Lorestan, hasa Kuhdasht, Aleshtar na Nurabad ya Delfan, watu wengi huzungumza Kilaki. Kilaki kiko karibu na Kikurdi na kina alama za ule utaratibu wa "mlaji na aliyeliwa". Lakini Walaki wengi, ukiwauliza kabila, watakuambia ni Waluri, na wana haki ya kusema hivyo, maana wameishi pamoja, wameoana na wametawaliwa na nasaba zile zile kwa karne nyingi. Basi mtu anaweza kuwa Mluri kwa kabila na lugha yake isiwe Kiluri. Karim Khan Zand, aliyetawala Iran kutoka Shiraz katika karne ya 18, amekumbwa na mkanganyiko huu hata baada ya kufa: kitabu hiki kinamwita Mluri, kile Mlaki, kile Mkurdi. Jina "Feyli" nalo ni hivyo hivyo. Zamani lilikuwa jina la Waluri wa upande wa Lorestan. Leo huko Baghdad ukisema Feyli, mtu anaelewa Wakurdi wa Kishia, wale ambao serikali ya Iraq iliwavua uraia mwaka 1980.

Sasa "Kiajemi cha milimani". Neno hili lina chembe ya ukweli, kwa hiyo linadanganya zaidi. Kiluri na Kiajemi cha leo ni watoto wa nyumba moja; vyote ni vya ukoo wa Kiajemi cha kale cha wafalme wa Persepolis na Kiajemi cha kati cha enzi ya Wasasani. Lakini ndugu si mtoto. Kiluri hakikutoka Tehran kikaharibikia njiani. Kimeshuka kwa mkondo wake na kwa kanuni zake za sauti, nazo zinafuatika.

Chukua ū ya Kiajemi, ambayo katika Kiluri mara nyingi huwa i. Pul, fedha, ni pil. Ru, uso, ni ri. Mu, unywele, ni mi. Dur, mbali, ni dir. Zud, mapema, ni zi, na d ya mwisho imekwenda na maji. Balaa ni kwamba baadhi ya maneno haya yana maana nyingine upande wa pili: pil katika Kiajemi cha vitabuni ni tembo, na dir ni kuchelewa. Mluri anasema kijiji kiko mbali, Mtehrani anasikia habari za kuchelewa. Chukua na b baada ya vokali: āb, maji, ni ow, shab, usiku, ni show, sabz, rangi ya kijani, ni sowz.

Kanuni tuipendayo zaidi ni ya kh, kwa sababu Mswahili ameifanya mwenyewe. Sisi tulipokea khabari, khatari na khamsini, tukalainisha, zikawa habari, hatari na hamsini. Wabakhtiari nao: khar, punda, ni har, khāne, nyumba, ni hune, khāk, udongo, ni hāk, khālu, mjomba, ni hālu. Lakini hawakulainisha kila kh. "Kula" imebaki na kh yake, kama tulivyoona katika khardom. "Usingizi" ni khow, bado na kh. Kwa nini punda apoteze na usingizi usipoteze? Jibu limefichika katika tahajia ya Kiajemi. Maneno khordan, kula, na khāb, usingizi, huandikwa na herufi wau baada ya kh, wau isiyosomwa siku hizi. Zamani ilisomwa, sauti ilikuwa khw. Punda na nyumba hazina wau hiyo. Kibakhtiari kililainisha kh tupu na kuiacha ile iliyokuwa na w mgongoni, kisha w yenyewe ikadondoka. Mtoto wa shule Tehran hukariri orodha ya maneno yenye wau bubu. Mtoto wa Kibakhtiari angeweza kuikisia kwa sikio mara nyingi. Lugha iliyotunza tofauti ambayo Kiajemi cha leo kimebaki nayo kwenye karatasi tu haiwezi kuitwa Kiajemi kilichoharibika.

Na si sauti peke yake. Kibakhtiari huunda wingi kwa -gal, kwa hiyo kor ni kijana na korgal ni vijana, jambo lisilo la Kiajemi. Jicho ni tiya, si chashm. Kuna na maneno ya maisha ya ufugaji ambayo Mtehrani angehitaji kamusi. Bohun ni hema jeusi la manyoya ya mbuzi. Tash ni moto, ule ule ātash wa Kiajemi uliokatwa kichwa, lakini tash pia ni fungu la ukoo. Tāyefe, yaani ukoo mkubwa, hugawanyika tire, tire hugawanyika tash, tash ina owlād wake, yaani wazao. Sisi tunasema mlango au tumbo kwa maana hiyo hiyo. Wao wamehesabu mioto.

Sasa tufike kwenye misimbo mitatu. Mwaka 2003 mwanaisimu wa Kanada, Erik Anonby, aliuliza Kiluri ni lugha ngapi, na jibu lake likawa tatu: Kiluri cha Lorestan au cha kaskazini, Kibakhtiari, na Kiluri cha kusini. Mgao huo ndio unaolingana na lrc, bqi na luz.

Cha kaskazini kina kitovu chake Khorramabad, pamoja na wafugaji wa Bala Gariveh kusini yake. Kuelekea Borujerd na Nahavand kinaanza kuchanganyika na Kiajemi hatua kwa hatua, hata huwezi kuchora mstari. Kibakhtiari kimeenea katika mkoa wa Chaharmahal na Bakhtiari, mashariki mwa Khuzestan kuanzia Izeh hadi Masjed Soleyman, magharibi mwa Isfahan, na Aligudarz ndani ya Lorestan. Umbo hili la ajabu kwenye ramani linatokana na mifugo. Kipupwe walikuwa wakikaa joto la Khuzestan, masika wakipanda na kondoo na mbuzi kuvuka safu ya Zard Kuh hadi malisho ya baridi ya Chaharmahal, na wapo wanaofanya hivyo hadi leo. Lugha ikafuata njia ya kwato. Cha kusini ni cha Kohgiluyeh na Boyer-Ahmad, miji ya Yasuj na Dehdasht, na cha Wamamasani wa Nurabad mkoani Fars, kikishuka hadi karibu na Ghuba.

Majirani huelewana. Mtu wa Aligudarz na mtu wa Khorramabad watazungumza wakimaliza shughuli yao. Mtu wa Khorramabad na mtu wa Mamasani ndipo Kiajemi kinapoitwa kusaidia. "Ninakwenda" kwa Kiajemi cha vitabuni ni miravam. Khorramabad watasema mirem, wakibakiza ile mi-. Wabakhtiari husema erom. Kusini ni irom. "Nilisema" ni gotem kaskazini na godom kwa Wabakhtiari. Mama ni dā kwa Wabakhtiari, lakini kusini utasikia dey. Je, hizi ni lahaja au lugha? Wasomaji wako wanajua jinsi ugomvi huu unavyokwenda kuhusu Kingazija na Kiunguja, nasi hatutaumaliza hapa. Tofauti kubwa ni kwamba sisi tulipata Kamati ya Lugha mwaka 1930, ikakishika Kiunguja ikakifanya Kiswahili sanifu. Kiluri hakikupata kamati wala Kiunguja chake. Kisanifu chao ni Kiajemi, na chini yake kila bonde husema lake.

Idadi ya wasemaji ndipo magazeti mengi yanapoteleza. Sensa ya Iran haiulizi mtu anazungumza lugha gani nyumbani. Basi kila takwimu unayoiona ni makadirio. Makadirio yaliyotumika sana mwanzoni mwa karne hii yaliweka karibu milioni 1.5 kwa tawi la kaskazini, milioni 1 kwa Kibakhtiari, na karibu laki 9 kwa tawi la kusini. Takwimu ya makala yako ilikuwa na sura ya kitu kingine: ni kama mtu alijumlisha wakazi wa mikoa. Sensa ya 2016 iliipa Lorestan watu 1,760,000 hivi, Chaharmahal na Bakhtiari kama 948,000, Kohgiluyeh na Boyer-Ahmad kama 713,000. Jumlisha, unapata zaidi ya milioni 3.4, na inavutia kuiita "wasemaji wa Kiluri". Lakini Lorestan ina Walaki wengi. Chaharmahal ina vijiji na miji ya Kiajemi na ya Kituruki. Na upande wa pili hesabu hiyo inawaacha nje Wabakhtiari wote wa Khuzestan na Isfahan, Wamamasani wa Fars, na Waluri waliohamia Ahvaz na Tehran. Inazidi pale, inapungua hapa. Makosa mawili hayakuandikiana mkataba wa kufutana.

Asili ya jina na asili ya lugha nazo zisichanganywe na asili ya damu. Kuna wanaowaunganisha Waluri na Wakasi au Waelami wa kale, na ni kweli kwamba Izeh, nchi ya Wabakhtiari, ina michoro ya mawe ya Kielami kwenye majabali ya Kul-e Farah na Eshkaft-e Salman. Watu huenda wana damu ya wote waliopita pale. Lugha lakini ni ya Kiirani, na Kielami hakina undugu nayo. Jina "Lur" linaonekana katika maandishi ya wanajiografia wa Kiarabu wa karne ya 10. Baadaye nchi ikagawanyika Lur Kubwa na Lur Ndogo, mto Dez ukiwa takriban mpaka wao. Lur Ndogo ilitawaliwa na akina Khorshidi hadi Shah Abbas alipowaondoa mwishoni mwa karne ya 16. Lur Kubwa ilikuwa ya akina Hazaraspi, wenye cheo cha atabeg, na mji wao ulikuwa Idhaj, ndiyo Izeh ya leo.

Mgeni mmoja wa Idhaj anajulikana sana kwetu. Ibn Battuta alipita hapo mwaka 1327, akamkuta atabeg Afrasiyab akiwa kwenye msiba wa mwanawe, tena amelewa, na msafiri wetu hakulificha. Miaka minne baadaye mtu huyo huyo alikuwa Mombasa na Kilwa. Wanaopenda kutafuta uhusiano wa Waluri na Waswahili waishie hapo. Kusema, kama wengine wanavyosema, kwamba Washirazi wetu walileta Kiluri kwa sababu Mamasani iko mkoa mmoja na Shiraz, ni kuruka hatua nyingi. Maneno ya Kiajemi tuliyo nayo, kama bandari na serikali, ni ya Kiajemi cha pwani, masoko na dola. Hayana alama hata moja ya zile kanuni za sauti za milimani.

Uhusiano wa kweli zaidi uko Oman, na wasomaji wako wa Muscat watauthibitisha. Kwenye ncha ya rasi ya Musandam kuna kijiji cha Kumzar, ambako kwa kawaida hufikiwa kwa boti kutoka Khasab. Wakazi wake, na baadhi ya watu wa kisiwa cha Larak upande wa Iran, huzungumza Kikumzari, lugha ya Kiirani iliyokaa ndani ya Uarabuni na kujaa maneno ya Kiarabu. Orodha za zamani zilikiweka ndani ya kundi la Kiluri. Uchunguzi wa karibu umekitenga: ni cha kusini-magharibi kweli, lakini kina njia yake. Kwa hiyo sentensi "Kiluri huzungumzwa pia Oman", ambayo bado inazunguka, nayo ifutwe.

Hali ya Kiluri leo haihitaji machozi wala sifa, inahitaji maelezo. Mwaka 1908 mafuta yalipatikana Masjed Soleyman, katikati ya malisho ya kipupwe ya Wabakhtiari, na wachungaji wakaanza kuwa vibarua wa visima. Miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Reza Shah iliwalazimisha wafugaji kutulia, kwa bunduki palipobidi, na shule zikaja kwa Kiajemi. Ibara ya 15 ya katiba ya 1979 inaruhusu lugha za mikoa katika vyombo vya habari na fasihi yake kufundishwa shuleni sambamba na Kiajemi. Ruhusa ni kitu kimoja, mwalimu na kitabu ni kingine. Kwa kuwa Kiluri na Kiajemi ni ndugu wa karibu, mzazi wa mjini huona hapotezi kitu akimlea mtoto kwa Kiajemi, na mtoto huanza kwa kusema pul badala ya pil. Lugha isiyofanana na ile ya dola hufa kwa kishindo, watu wakaona. Hii inayeyuka, neno moja moja.

Uandishi nao una matatizo yake ya kifundi. Kiluri huandikwa kwa hati ya Kiajemi, lakini wau moja hubebeshwa o, u, ow na ile ü inayosikika kaskazini. Andika sowz, kijani, kwa herufi za kawaida, na msomaji wa Kiajemi atasoma suz, kuungua. Ndiyo maana waandishi wa kaskazini kwenye intaneti hutumia wau yenye nukta mbili juu, namba 06CA katika Yunikodi, na hivyo ndivyo jina "Lüri" linavyoandikwa kwenye mipangilio ya kompyuta. Tatizo ni simu: kibodi ya Kiajemi ya kawaida haina herufi hiyo, watu huiacha, na neno moja huwa na tahajia tatu. Kuna na hili ambalo wachapaji wako wanaofanya kazi kwa hati ya Kiarabu watalifahamu: ye na kaf za Kiajemi zina namba tofauti na ye na kaf za Kiarabu hata pale zinapofanana machoni. Ukinakili neno kwa kibodi ya Kiarabu kisha ukalitafuta, mashine inasema halipo, ilhali liko mbele yako.

Kwa mwandishi atakayekwenda kuhoji, au atakayepiga simu tu: usiulize "unazungumza lugha gani". Wengi watajibu "Kiluri", na huenda Mlaki pamoja nao. Uliza tāyefe na mji. Kisha omba vitu vinne: ninakwenda, nyumba, fedha, nilikula mkate. Mi-, e- au i- itakuambia tawi. Hune itakuambia kh imelainika. Pil itakuambia kama unasikia Kiluri au Kiajemi cha heshima, maana mtu akiona kinasa sauti hujirekebisha, na pul itatoka kwanza. Muulize tena baada ya chai, au msikilize akiongea na mama yake. Sentensi ya mkate ndiyo itakayokutenganishia Kiluri na Kilaki.

Kwa upande wa tahajia gazetini tunapendekeza Mluri, Waluri na Kiluri kwa hawa wa Iran, Mbakhtiari na Kibakhtiari palipo na uhakika wa tawi, Kilaki peke yake bila kukifunga kwa Kiluri, na Waalur na Kialur kwa ndugu zetu wa Mahagi na Nebbi. Lorestan ni mkoa. Si kila Mluri anatoka huko na si kila wa huko ni Mluri.

Na ile picha ya ukurasa wa pili: koti lile lisilo na mikono, la sufi nyeupe yenye mistari ya giza inayoshuka kwa ngazi kutoka mabegani, linaitwa choqā, na ni vazi la Wabakhtiari. Maelezo yaliyo chini yake yanasema "mzee wa Kikurdi". Tafadhali lirekebisheni hilo kwanza, kabla picha haijachukuliwa na wengine pamoja na maneno yake.

Wasomaji wako,
walimu wawili wa isimu, Zanzibar